Glavu Zangu Zilinuka Kafuri

Nakiri, kosa ni langu, lakini aliyenitia mkenge ni Shabani wa kijiwe chetu cha bodaboda hapa Nguvumali. Glavu zangu za ngozi ndizo zilizoniokolea vidole nilipoanguka njia ya Muheza, kwa hiyo sizitupi ng'o. Ila zilinuka jasho mpaka abiria wakanikimbia.

"Zitie kafuri, kaka," akasema Shabani. Nami bwege nikazijaza kafuri siku tatu.

Nikaenda kumchukua nyumbani kwake abiria wangu Bi Mwanaidi, anampelekea uji mumewe aliyelazwa hospitali.

"Shikamoo, mama."

Akasogea kupanda. Pua yake ilinasa harufu ile ya maiti aliyekwisha kuoshwa, na chupa ya uji ikamponyoka.

"Mume wangu! Umetoka kumkafini!"

Majirani wakajaa uani, mikeka ikatandikwa, mimi nabwabwaja tu. Mara simu yake ikalia. Alikuwa mzee mwenyewe: "Uji wangu uko wapi?"

Macho yote yakahamia mikononi mwangu.

"Alhamdulillahi!" akasema Bi Mwanaidi, analia na kucheka. "Vua hizo, mjinga wewe, nikuwekee magadi yaondoe harufu."

Nikavua mbele ya mtaa mzima. Vidole vyote kumi vilikuwapo, nami nikashukuru kwa kila kimoja.