Polona Ampeleka Mumewe Triglav

Kijijini Stara Fužina, mtu akitaka kumchokoza Lovro Zalokar alimwuliza tu kama kileleni kuna baridi. Lovro alikuwa mtengeneza jibini, mtu wa miraba minne, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio bonde la pili, na hakuwa amewahi kukanyaga kilele cha Triglav, mlima mrefu kuliko yote Slovenia. Kwao hilo si jambo dogo. Mslovenia asiyefika Triglav hutazamwa kama mtu aliyekula harusi bila kwenda kanisani. Sasa fikiria mwenyewe: Lovro alizaliwa miguuni pa mlima wenyewe, tena akamwoa Polona, ambaye kazi yake ni kuwapeleka watu huko huko.

"Jibini lako limefika juu mara ngapi, Lovro?" walimtania baani.

"Linapanda lenyewe hilo, kwa ile harufu!" alidakia mwingine.

Lovro alicheka pamoja nao na kuwanunulia bia. Aliogopa kimo na hakuficha. Akipanda ngazi kubadilisha taa ya jikoni, ilibidi Polona aishike ngazi na kumsemesha mambo ya ng'ombe mpaka ashuke.

Polona alikuwa kinyume chake kwa kila kitu. Mfupi, mwembamba, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kuamrisha. Usichana wake ulimkuta akibeba mikate mgongoni kuipeleka kwenye nyumba za wapanda mlima, na alipogundua kwamba waongozaji wanalipwa kwa kubeba kidogo na kusema sana, akaona hiyo ndiyo kazi yake. Akasoma, akafaulu. Siku yake ya kwanza mteja mmoja mwenye masharubu alimtazama kuanzia kofia hadi soli, akauliza mwongozaji yuko wapi.

"Yuko hapa chini anakufunga kamba za viatu," Polona alijibu, na kweli alikuwa amepiga goti anamfunga.

Tangu hapo alikuwa amewapandisha walimu, mapadri, maharusi, na mzee mmoja aliyepanda na gitaa. Alikuwa na furaha na kazi yake, furaha ya wazi kabisa. Aliyeumia ni Lovro. Kila Polona alipoondoka na kundi, Lovro alibaki akikoroga maziwa na kutazama mawingu, na maziwa yakaungua. Majira ya kuchipua ya mwaka ule mwongozaji wa bonde la jirani akateleza kwenye theluji ngumu, akavunjika mguu na mbavu. Jioni hiyo Lovro aliweka kijiko mezani.

"Polona, mimi nimechoka kusubiri. Mwaka huu uwe wa mwisho."

Polona alifungua mdomo ili amtolee uvivu, kisha akaona sahani ya mumewe bado imejaa. Hasira ikamwisha pale pale. Alimpenda sana yule mwanamume, na ndiyo maana alisema alichosema.

"Njoo uone kwanza. Siku nne, kama mteja yeyote. Tukirudi, ukisema niache, naacha. Neno langu hilo."

Alisema hivyo akiwa na hakika kwamba Lovro atakataa. Lovro akafuta masharubu. "Tunaondoka lini?" aliuliza.

Kwa hiyo mwezi wa nane Polona alijikuta chini ya ukuta wa miamba wa Komarča na wateja watatu. Wa kwanza ni Marjan, daktari wa meno kutoka Ljubljana, mwenye vifaa vipya vitupu na maneno yasiyoisha. Wa pili ni Zdenka, fundi cherehani mstaafu kutoka Maribor, mrefu, mkavu, aliyepanda kama mtu anayepanda ghorofani kwake. Wa tatu ni Lovro, aliyevaa kofia ya marehemu baba yake na kubeba begi lenye uzito wa kutia mashaka.

"Huyu bwana ni nani?" Marjan alinong'ona.

"Ni mume wangu," Polona alisema. "Lakini mpaka Jumapili ni mteja. Akizembea, mwambieni."

Walipovuka kimo cha mita elfu moja Polona alisimama akampa kila mmoja mkono, maana kuanzia hapo kwenda juu watu wote huitana majina matupu. Ubwana na udaktari hubaki chini na magari.

"Mimi ni Polona," alimwambia mumewe kwa uso mkavu.

"Mimi ni Lovro. Nimesikia habari zako. Wanasema wewe ni mkali."

"Waliosema wamekuhurumia."

Zdenka alicheka mpaka akaegemea mti.

Siku hiyo ilikwenda vizuri kuliko Polona alivyothubutu kutumaini. Penye miti Lovro hakuona shimo, na asichokiona hakikumsumbua. Jioni, kwenye nyumba ya wapanda mlima iliyo kando ya ziwa katika bonde la maziwa saba, walikula mchuzi mzito wa shayiri na nyama ya kukaushwa, na Lovro akaimba na Wacheki wa meza ya pili wimbo ambao upande wowote haukujua maneno yake. Usiku kidogo uwashinde. Katika chumba cha vitanda vya ghorofa Zdenka aliinuka ghafla akakaa.

"Samahani jamani, humu kuna mtu amekufa?"

Ilikuwa jibini. Lovro alikuwa amebeba kipande kizima cha mohant, lile jibini la kwao ambalo hata wenyewe huliweka dirishani, tena dirisha la jirani. Begi likatolewa nje kwa kura ya wote, mwenye begi akiwemo.

Kesho yake walivuka nyika ya mawe ya Hribarice, mahali ambapo jua linakupiga toka juu na toka kwenye mawe ya chini na hakuna hata jani. Polona aliwaongoza kama kawaida yake: alimsimamisha Marjan afunge upya viatu, akamlazimisha Zdenka anywe maji aliyokuwa akiyabania, akamkataza kila mtu kukaa alipotaka kukaa. Nyuma yake alisikia hatua za Lovro. Aligeuka mara kadhaa na kila mara akamkuta anatazama visigino vyake, si mandhari. Kilichobaki ni kesho, na kesho ndiyo yenye ukingo.

Asubuhi ya siku ya tatu waliondoka nyumba ya Planika, walikolala, kukiwa kweupe, kofia ngumu kichwani, mikanda kiunoni, wakijifunga kwa pete kwenye waya wa chuma uliopigiliwa mwambani. Lovro alipanda. Alitweta, alitukana kwa heshima, aliwaita watakatifu wa kila aina, lakini alipanda, hadi Kilele Kidogo. Hapo ndipo mtu anapouona ukingo wenyewe unaokwenda Kilele Kikubwa: njia nyembamba ya mawe, hewa kushoto, hewa kulia, na watu wadogo wadogo wakitambaa juu yake.

Lovro aliketi chini.

"Hapana," alisema. Uso wake ulikuwa mweupe kama maziwa yake.

"Lovro, jikaze kisabuni!" Marjan alimhimiza. "Ni hapo tu!"

"Mwache," alisema Polona. Alipiga goti mbele ya mumewe, akaufunga mkanda wake kwenye chuma mara mbili, akavuta kuhakikisha, akamvika koti lake mwenyewe juu ya lile alilovaa. Alitamani kumbembeleza, amsemeshe mambo ya ng'ombe kama pale kwenye ngazi. Lakini wateja wawili walikuwa wanasubiri. "Hapa ni pana na ni salama. Usijifungue, hata ukiitwa na Baba Mtakatifu. Tunakwenda na kurudi."

"Nitakuwa nakuona?"

"Njia nzima."

Alikwenda, na njia nzima aliyahisi macho ya Lovro mgongoni. Amekwisha kuniona, aliwaza. Ameona lile analoliogopa kila kiangazi, tena kwa ukubwa wake. Nimejichimbia kaburi mwenyewe kwa neno langu. Hata hivyo miguu yake haikukosea, na mdomo wake haukuacha kuamrisha: shika hapa, subiri, Marjan funga mdomo uvute pumzi.

Kileleni, kando ya mnara mdogo wa bati, alitoa kipande cha kamba. Anayefika mara ya kwanza hubatizwa: huinama, na mwongozaji humtandika makalioni. Zdenka aliinama akapokea zake kimya, kisha akasema mama yake alikuwa na mkono mzito zaidi. Marjan alipiga kelele kabla ya kuguswa.

"Hiyo ni kwa niaba ya wagonjwa wako wote," Polona alimwambia, na watu wote waliokuwa juu wakashangilia.

Waliporudi Kilele Kidogo, Lovro alikuwa amesimama. Rangi imemrudi. Alikuwa amelikata lile jibini na kuwagawia wapita njia, na Wacheki wawili walikuwa wakimkumbatia kwaheri.

"Polona, niko tayari," alisema. "Nimewatazama. Ni kuweka mguu na kushika, kuweka mguu na kushika. Twende sasa hivi kabla roho haijabadilika."

Marjan akapiga makofi. Zdenka akasema wao wanaweza kusubiri hapo hata saa nzima. Polona alimtazama mumewe, macho yake yanang'aa kama ya mtoto, na moyo ukamruka. Akifika juu! Akifika, baa nzima itanyamaza, na huyu mwanamume atashuka na furaha ambayo haitamruhusu kumwambia mkewe aache kazi. Kisha akatazama magharibi. Juu ya bonde la Trenta wingu lilikuwa limeanza kuvimba, jeupe juu, tumbo la kijivu.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Hatuendi. Tunashuka."

"Kwa kiwingu kile?" Lovro alipaza sauti. "Mimi nimekusanya moyo wa miaka hamsini na minane, unaniambia kiwingu?"

"Ndiyo."

"Polona, ni mimi! Mumeo!"

"Mpaka Jumapili ni mteja. Funga kofia."

Walishuka. Lovro alikuwa mbele, mabega yamepanda, na Polona nyuma yake akiyasoma yale mabega. Aliijua hasira yake. Haikuwa na kelele, na ilikaa siku nyingi. Basi, alijiambia, imekwisha. Nitauza kamba, nitajifunza kukoroga maziwa. Akaumia, akaumia kweli, lakini hakugeuka.

Na lile wingu? Lilivimba, likatafakari, likaenda zake Italia. Walipokaa mbele ya nyumba ya Planika na bakuli za supu, Triglav yote ilikuwa juani, safi kabisa, hata mnara ulionekana. Marjan alikitazama kilele, akamtazama Polona, akarudi kwenye supu yake.

"Haya, nichekeni," Polona alisema. "Nilikosea. Tungefika na kurudi, na jua limetuchoma."

"Ungejuaje?" aliuliza Zdenka.

"Nisingejua. Ndiyo sababu tulishuka."

Lovro aliweka kijiko mezani. Polona alikijua kile kijiko. Alishika ukingo wa benchi akangoja hukumu yake.

"Kiangazi baada ya kiangazi," Lovro alisema polepole, "nimekaa pale chini nikidhani ni bahati ndiyo inayokurudisha nyumbani. Na bahati, nikasema, siku moja humwisha mtu. Leo nimekuomba mimi, mume wako, na ulikuwa unataka twende. Usikatae, nilikuona usoni, ulitaka kuliko mimi. Ukasema hapana." Alitikisa kichwa. "Kumbe si bahati. Ni huo ukaidi wako, ule ule unaonitesa nao nyumbani."

"Kwa hiyo?" Sauti ya Polona ilitoka nyembamba.

"Kwa hiyo ukaidi hauwezi kukuisha, nakujua. Endelea na kazi yako."

Polona, ambaye hakulia siku ya harusi wala siku ya kuzaa, alilia hadharani mbele ya supu, na Zdenka akampa leso bila kumtazama. Lovro alimsogezea mkate, akakikodolea macho kile kilele kilichomtoroka.

"Ila nina hasira na wewe," aliongeza. "Nitakununia mpaka Krismasi. Na mwakani uniandike tena, nitakuja. Mwongozaji mwingine simtaki."