Kamera Iliyoinamisha Kichwa

Katika Olaya, mjini Riyadh, nyuma ya majengo marefu ya ofisi, palikuwa na duka dogo la kutengeneza simu ambalo mwanamume hakuruhusiwa kuvuka kizingiti chake. Kioo cha mlango kilipakwa rangi nyeupe isiyoonyesha ndani. Wateja walikuwa wanawake, mafundi wanawake, na mwenye duka pia mwanamke. Sababu yake aliijua kila mtu: simu ya mwanamke imejaa picha za nyumbani kwake, naye hapendi fundi asiyemhusu azitie machoni.

Kemunto alikuwa katika mwaka wake wa pili humo. Alikuwa mzaliwa wa Nyamira, mwenye umri wa miaka thelathini na mitatu na cheti cha ufundi wa umeme, mtu wa vidole vyembamba na subira nyingi. Kutwa alibadilisha vioo vilivyopasuka na betri zilizochoka, na kazi hiyo aliifanya vizuri hata madam Nuf, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye duka na kafili wake, yaani mdhamini wake wa kazi nchini humo, akaacha kumkagua. Lakini Kemunto alikuwa na hamu ya kitu chenye mota, kitu kinachozunguka na kutii amri. Simu, hata ikipona, hukaa kimya tu mezani.

Ijumaa moja ya Oktoba, mwaka wa 2022, duka lilipofunguliwa tu saa kumi alasiri, aliingia msichana aliyebeba begi jeusi kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Assalaamu alaykum. Nimeambiwa hapa yupo fundi wa Kenya mwenye mkono mwepesi."

"Waalaykumu salaam. Mkono ndio huu. Leta hiyo simu."

"Si simu, dada. Wallahi, naona hata haya kuitoa."

Akafungua begi, akaweka juu ya kaunta droni ya kijivu, ndogo kama kiatu cha mtoto, mabawa yake manne yamekunjwa. Kemunto akainama juu yake: kitu chenye mota.

Msichana huyo aliitwa Nusra. Alikuwa amezaliwa Jidda, mtaa wa Al-Rawdah, katika familia iliyotoka Unguja mwaka wa 1964, na Kiswahili cha bibi zake kilikuwa bado kinamtiririka. Alikuja Riyadh jana yake, yeye na mama yake, kwa harusi ya binamu. Sasa wangerudi Jidda kwa ndege ya saa mbili usiku, na kesho yake, Jumamosi asubuhi, kilabu chao cha wanawake wapanda baiskeli kingefanya mashindano yake ya kwanza kando ya bahari.

"Tumesubiri kibali cha kurusha droni miezi mitatu," alieleza Nusra. "Tumepewa saa mbili tu, toka saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili na nusu. Hakuna siku nyingine. Wanawake arubaini wote wametia saini kwamba wanakubali kupigwa picha. Arubaini, dada! Wengine waume zao tuliwabembeleza kwa wiki nzima. Na mimi ndiye niliyesema, niachieni mie, nitawapiga kutoka juu. Leo asubuhi naiwasha, kamera inainamisha kichwa!"

Madam Nuf alisogea akaitazama droni kama anavyotazamwa mgeni asiyealikwa.

"Kemunto, sisi ni simu. Droni mafi, hamna hapa."

"Madam, nipe saa moja. Kamera yake haizidi ya simu kwa ukubwa, na mota zake ni tatu tu."

"Mota za kitu kama hiki umezigusa lini?"

"Leo, madam, ukiniruhusu."

Madam alimwangalia, akaangalia uso wa Nusra, akashusha pumzi. "Saa moja. Ukiharibu, kumbuka jina lililoandikwa mlangoni si lako."

Kemunto alivaa miwani ya kukuzia, akaanza na yaliyo rahisi. Alihakikisha kwamba kifuniko kinachoifunga kamera wakati wa safari kimeondolewa chote. Akaiweka droni juu ya kioo cha kaunta, mahali palipo sawa, pasipo na kitu cha kuigusa kamera, ndipo akaiwasha. Droni isiyo na kasoro, ikiwashwa, kamera yake hujinyoosha: hutazama kushoto, kulia, juu na chini, kisha hutulia. Kazi hiyo hufanywa na gimbali, yaani kile kishikio chenye mota tatu kinachoituliza kamera hata chombo kikiyumba. Hii ilitazama kushoto, ikatetemeka, ikainama. Kwenye rimoti yakatokea maandishi mekundu: mota ya gimbali imezidiwa.

"Imezidiwa na nini?" aliuliza Nusra. "Haijabeba kitu!"

"Kuna kitu kinaishindia nguvu. Tukitafute."

Aliizima. Kwa ncha ya kidole akaigeuza kamera taratibu, mhimili mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza ulikwenda laini. Wa pili vilevile. Wa tatu, ule wa kuinua na kushusha, ulikwaruza mahali fulani, mkwaruzo mdogo ambao mtu asiye na masikio kwenye vidole asingeusikia. Akachukua puto la mpira la kupulizia vumbi, akapuliza. Chembe ya mchanga ikaruka ikatua juu ya kitambaa cheupe.

"Huyo!" Kemunto alipiga makofi. Nusra akapiga kelele. Hata madam Nuf alitoka nyuma ya meza yake kuja kuitazama chembe hiyo kana kwamba ni lulu.

Kemunto hakuridhika hapo. Alikagua utepe mwembamba wa nyaya kama umechanika, haukuchanika. Akabonyeza mipira midogo inayokinga mtikisiko, ilikuwa mizima. Akaigeuza tena kamera, mara kumi na zaidi, mpaka mhimili wa tatu nao ukaenda laini. Kisha akaiwasha, akaiamuru ijipime upya. Kamera ikajinyoosha kama paka aliyeamka, ikatulia. Alirudia mara tatu, na mara zote tatu ilitulia.

"Halas!" alisema madam Nuf. "Yalla, binti, utaachwa na ndege."

"Dada Kemunto, una hakika?" Nusra aliuliza akiwa tayari mlangoni.

"Kesho asubuhi kamera haitainama. Nakuahidi. Na hii hapa namba yangu."

Jioni hiyo Kemunto alirudi Al-Suwaidi, kwenye chumba alichopanga pamoja na Serah, muuguzi kutoka Nyeri, akamsimulia kisa cha chembe ya mchanga mara mbili. Serah alisikiliza mara ya kwanza.

Saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi, simu ya Kemunto ililia. Ilikuwa ya video. Nyuma ya Nusra palionekana bahari na wanawake waliovaa helmeti, wengine abaya zao fupi zikipepea juu ya suruali.

"Inainama, dada Kemunto! Imeanza tena! Nimeiweka juu ya meza, hamna upepo, nimeondoa kifuniko, nimezima nikawasha, inainama!"

Kemunto aliketi wima kitandani. Ahadi yake aliikumbuka neno kwa neno. Kibali kingeanza baada ya dakika ishirini na tano, na baiskeli zingeondoka saa moja kamili.

"Izime. Usiilazimishe, utaunguza mota. Sasa igeuze kamera kwa kidole, polepole, juu na chini. Inakwaruza?"

"Haikwaruzi. Inanata. Kama... kama mlango wa friji ukiufungua."

Mchanga haunati. Kemunto aliona sasa kwamba jana alishangilia mapema mno: alipata kosa moja akaliita kosa lote, na hakuitoa droni hata hatua moja nje ya mlango. Dukani baridi ya kiyoyozi ilikuwa ya kuvalia sweta. Jidda, asubuhi ile, joto na unyevu vilikuwa vimekwisha kuamka.

"Nusra, jana sikukuuliza jambo ambalo ningekuuliza kwanza. Mara ya mwisho kufanya kazi vizuri ilikuwa lini, na tangu hapo imepita wapi?"

"Jumatano, hapa hapa Jidda. Alhamisi tukapanda ndege. Toka uwanjani moja kwa moja harusini, maana tulichelewa. Jana asubuhi—"

"Rudi nyuma. Harusini uliingia nayo?"

"Ndani ya begi tu, dada. Sikuitoa."

Sauti nyingine ikapenya kutoka pembeni, sauti ya mwanamke mtu mzima aliyekuwa akila kitu. "Hukuitoa wewe, aliitoa yule mlinzi! Mwambie fundi ukweli!"

"Mama, hayo hayahusu."

"Shikamoo, mama," alisema Kemunto haraka. "Hebu nieleze wewe."

"Marahaba, mwanangu. Mie ndiye Mwanamize, mama yake huyu mbishi. Ukumbi wa wanawake huo, si unajua, mlangoni kila kamera inabandikwa kibandiko, asije mtu akapiga picha watu waliojipamba. Yule mlinzi akafungua begi, akaona hiki kidude. Nusra anamwambia, hakitumiki. Mlinzi anasema, kamera ni kamera! Akakiziba macho kama mateka."

Kemunto alijipiga kofi kwenye paji la uso. Kila baada ya harusi za Alhamisi, nusu ya simu zilizoletwa dukani zilikuwa na gundi ya vibandiko hivyo kwenye kamera. Alikuwa amezisafisha mamia. Na Nusra hakuwa na sababu ya kulitaja jambo ambalo humpata kila mwanamke mlangoni mwa kila ukumbi.

"Nusra, ulivibandua?"

"Nilibandua vyote vitatu. Cha kamera, na viwili vya yale macho ya chini yanayoitazama ardhi."

"Vinne!" alisema Bi Mwanamize. "Cha kwanza hakikushika vizuri, akaweka kingine juu yake. Mie niliona kwa macho yangu."

"Basi cha nne ndicho kinachotuinamishia kichwa," alisema Kemunto, na sauti yake ilimtoka kwa furaha hata Serah akafunua shuka. "Washa taa ya simu, mulika nyuma ya kamera, pale inapokutana na mkono wake."

Picha ikatikisika, ikakaribia, ikatulia. Mwanzoni palionekana weusi mtupu. Kisha ndani ya weusi ule Kemunto akaona ukingo wa duara jeusi, limejikunja kwenye ufa, upande mmoja umegusa kamera na upande wa pili umegusa mkono. Jana gundi ilikuwa imekauka kwa baridi, naye kwa kuigeuzageuza kamera akakilaza kibandiko kando bila kujua. Leo ilikuwa imelainika, inashika.

"Nakiona! Nakivuta!" alisema Nusra.

"Usikivute! Gundi ingali laini, kitaondoka na nyaya. Una gari hapo? Washa kiyoyozi mpaka mwisho, ishike droni mbele ya tundu la hewa kwa dakika tano. Tuirudishie baridi ya Riyadh."

Bi Mwanamize alicheka mpaka akakohoa. "Droni ya wenyewe! Inataka kupepewa!"

Dakika tano hizo Kemunto alizihesabu akizunguka chumba. Huko Jidda, Bi Mwanamize alipekua mkoba wake akatoa kibanio cha kung'olea nyusi. Saa kumi na mbili na dakika thelathini na tatu, Kemunto akatoa maelekezo kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala: shika ukingo ulio mbali na nyaya, vuta kuelekea kwako, si juu, simama, pumua, vuta tena. Nusra alikuwa ameuma ulimi. Kibandiko kilitoka kizima.

"Kimetoka! Mama, kimetoka!"

"Bado," alisema Kemunto. "Futa gundi kwa kitambaa chako cha lenzi chenye spiriti. Kidogo tu, kisidondoke. Sasa igeuze."

"Laini, dada. Laini kama hariri."

"Itafutie mahali palipo sawa ijipime. Meza inayumba."

Walilaza sinia la vitafunio la Bi Mwanamize juu ya ukuta mfupi wa bustani, wakatia vipande vya karatasi chini yake mpaka kipimo cha simu kikasema liko sawa. Nusra akaiwasha droni. Kamera ikatazama kushoto. Ikatazama kulia. Kemunto, umbali wa karibu kilomita elfu moja, alikuwa ameshika mkono wa Serah bila kujua kwamba ameushika. Kamera ikatazama juu, ikatazama chini, ikatulia, na upimaji ukaenda mpaka mwisho bila neno jekundu hata moja.

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika hamsini na nne.

Saa moja kamili filimbi ikalia, na droni ilikuwa tayari angani. Nusra alimpa mama yake simu aielekeze kwenye kioo cha rimoti, na Bi Mwanamize aliishika upande, akaigeuza, akaishika upande tena, huku akitangaza: "Hao, wanakunja kona! Yule wa mbele mwekundu ni binti wa jirani, jana tu alikuwa anaanguka! Kanyaga, mwanangu, kanyaga!" Baiskeli arubaini zilinyooka kando ya maji kama shanga zilizotungwa uzini. Upepo wa bahari uliivuta droni kushoto, ikayumba, lakini picha haikuyumba. Mstari wa maji na anga ulikaa pale pale, umenyooka.

"Si ulisema utatazama kidogo tu?" alisema Serah. "Utaniumiza vidole."

"Ona ilivyotulia, Serah. Ona! Chombo kinapigwa na upepo, na picha haijui."

Saa mbili na dakika ishirini na sita Nusra, aliyekwisha kuibadilishia betri mara mbili, aliishusha kwa mara ya mwisho, dakika nne kabla ya kibali kwisha. Bi Mwanamize aliiweka simu mezani kwenda kuwapokea washindani, akasahau kuikata. Kemunto akabaki akitazama anga tupu la Jidda, na akasikia baiskeli zikitupwa chini, miguu ikikimbilia rimoti, na wanawake wakisukumana na kupiga kelele kwa Kiarabu na Kiswahili, kila mmoja akiuliza, mimi niko wapi, nionyeshe mimi niko wapi.