Kaseti Iliyotoka Uvira

Juzi, kwa fundi redio mjini Mbarara, nilisikia gitaa la wale Waingereza wa zamani wenye nywele ndefu, nikakumbuka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, alasiri ile mama alipoanika betri juani zipate nguvu kidogo. Kaseti yao tulitoka nayo Kongo. Mwishoni mwa wimbo, kaka yangu mkubwa, yaya wetu, alikuwa amerekodi juu yake kicheko chake na majina yetu.

Majirani kambini walikuwa wakipelekwa Ulaya kuishi huko, nikamuuliza mama:

“Mama, yaya iko kule na bazungu? Atatuita lini?”

“Nyamaza, mutoto wangu. Betri itaisha.”

Alinukia moshi. Machozi yalimtoka, nikadhani analilia betri. Kumbe kaka walishamzika Uvira kabla hatujakimbia.

Kwa fundi, wimbo ulifika mwisho. Nilisimama pale, nikingoja kaka acheke.