Bwana Arusi Aliyeongea Ukutani

Nichekeni mapema tumalize, maana wakwe zangu wa Makindye wamenicheka vya kutosha na bado hawajachoka, kila mgeni akifika pale anasimuliwa upya, mimi nikiwa nimekaa palepale naambiwa nipitishe chumvi.

Ilikuwa siku ya utambulisho, familia yangu imetoka Kyebando na vikapu vyake kwenda kumwomba mchumba wangu Akello kwa baba yake. Siku hiyo bwana arusi haongei. Anavaa kanzu na koti, anatulia, na msemaji (wetu alikuwa baba mdogo, mtu wa maneno matamu kupita kiasi) ndiye anayejibu kila kitu. Ukifungua mdomo unatozwa faini, na mzee akiudhika anaweza kuwarudisha nyumbani na vikapu vyenu. Sasa baba yake Akello ni mwanajeshi mstaafu, alikaa na mizinga mpaka masikio yakamwacha, na Akello alikuwa ameniambia jambo moja tu: "Nataka baba afuate maneno. Akikaa pale bila kusikia atakasirika, na akikasirika atakataa."

Mimi ni fundi wa kompyuta, na nilikuwa nimeunda programu ndogo inayosikiliza Kiswahili na kukiandika, basi nikaona hapa ndipo pa kujionyesha. Nikaleta kompyuta na projekta, nikaielekeza kwenye ukuta mweupe wa nyumba, nikambania baba mdogo kolani maikrofoni ndogo isiyo na waya. Nyumbani Kyebando programu ilikuwa imefanya kazi vizuri kabisa. Pale chini ya turubai la wageni baba mdogo akaanza kumwaga maneno, mzee akatazama ukuta, na ukuta haukuwa na hata herufi.

Mwenye akili angeacha. Mimi nikainuka (bwana arusi mzima, na kanzu yangu), nikamvua baba mdogo maikrofoni, nikaibana kwenye kola yangu ili nijaribu mwenyewe kwa kunong'ona. Betri ilikuwa nzima. Nikafungua mipangilio, nikakuta programu inasikiliza maikrofoni ya kompyuta badala ya ile ya kola, nikabadilisha, nikajisifu kimoyomoyo, ukuta bado mtupu. Nikapandisha sauti, nikafunga programu, nikafungua tena, wapi. Shangazi yake Akello akauliza watu wote wakisikia, "Kwani huyu ni bwana arusi ama ni fundi wa umeme?" Jasho likanitoka, nikamkonyeza rafiki yangu Swaibu, tukateleza nyuma ya jiko tupumue.

Nilichosahau, na niliiunda kwa mikono yangu mwenyewe, ni kwamba programu ile husubiri anayeongea anyamaze kidogo ndipo iandike. Kwenye turubai, kati ya ngoma, spika na vigelegele, ingesubiri mpaka kesho. Nyuma ya jiko kulikuwa na kimya kizuri sana.

"Swaibu," nikasema, "huyu mzee ananitisha. Ananitazama kama ananipimia handaki. Na yule shangazi, angekuwa polisi wa barabarani hakuna gari lingefika mjini. Njaa inaniua, na hii koti ni ya kuazima. Lakini wakininyima Akello mimi sirudi Kyebando. Nitakaa hapo kwa geti mpaka wanizoee."

Ngoma zikakoma. Kisha nikasikia kicheko cha turubai zima, na Swaibu akanitazama kolani, akasema polepole, "Wewe, hicho kitu bado umekivaa."

Nilirudi nikitamani ardhi ipasuke. Koti la kuazima liliandikwa ukutani kwa herufi kubwa, shangazi alikuwa amekunja mikono, Akello amejifunika uso kwa leso. Mzee alikuwa amesimama karibu na ukuta, miwani puani, anafuata mistari kwa kidole, na hakuwa anacheka.

"Kijana, kuja hapa," akasema. "Wewe unaogopa mimi?"

Nikamtazama baba mdogo anijibie, naye alikuwa bado anasoma ukuta. Nikaitikia kwa kichwa.

"Watu wananipigia kelele, mzee kula, mzee lala. Ile maneno ya ukweli wanasemea nyuma ya jiko. Leo nimesoma yote mimi mwenyewe." Akawageukia wageni. "Msichana nimetoa. Lakini bwana arusi ameongea, na sheria ni sheria. Faini ni hii mashini. Inabaki kwa nyumba yangu."

Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, sifichi. Ila tangu siku hiyo kompyuta iko sebuleni kwao, maikrofoni imewekwa katikati ya meza ya chakula, na mzee anasoma kila tunachotafuna na kusema, kwa hiyo mke wangu akitaka kuniambia lolote kuhusu maharage ya shangazi inabidi tutoke mpaka barabarani. Nimeapa sitengenezi tena kitu chochote ukweni, hata taa zikizimika nitakaa gizani na wenzangu. Programu yenyewe haijagoma tena hata siku moja, na nimeiombea sana igome.