Kopo la Theodora

"Theodora anaua mbwa wa watu kwa njaa," jirani yetu Eliona aliniambia tukiwa bombani. "Lile dume kubwa mbavu unazihesabu ukiwa barabarani. Yeye anakula vyakula vyao, wee huoni anavyonawiri?"

Nilicheka kidogo, lakini neno likaniingia.

Theodora ni mjane wa hapa Kibosho, tumepakana ua. Miaka ishirini alilisha mbwa wa shamba la kahawa, na sasa watu wa mjini humletea watoto wa mbwa awakuze. Wakati huo alikuwa na wawili, wote wa miezi mitatu. Pilipili ni wa jamii ndogo, hata paka anamzidi. Jabali ni wa yale majibwa ya ulinzi, mali ya Bwana Varun, mwenye duka la vyuma Moshi.

Mimi nanyonyesha. Aikande wangu ana miezi miwili, na mama mkwe ananipikia mtori wa ndizi na nyama kila siku, mafuta yanaelea juu, ili nipate maziwa. Jioni moja nilimwona Jabali akilamba kopo tupu mpaka likabingirika. Roho ikaniuma. Nikapitisha bakuli langu la mtori chini ya masale, ile mimea ya ua unaotutenga, akalimaliza. Nikafanya hivyo siku tatu, najiona mtu mwema.

Siku ya nne akaharisha. Alilala tu, macho yamelegea. Na kesho yake ndiyo Bwana Varun anakuja! Maneno ya Eliona yalishamfikia; alipiga simu akasema akimkuta mbwa dhaifu anamchukua, na hatamletea Theodora mwingine.

Nilichuma jani la isale, nikalipiga fundo, nikaenda. Huku kwetu anayekujia na isale humnyimi msamaha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Akalitazama jani. "Umeniulia kuku?"

Nikamweleza yote. Hakupiga kelele. Alikwenda alipolala Jabali, nikamfuata.

"Eliona anasema unamnyima," nikajitetea.

"Eliona! Mbuzi wake kamba imemla shingo hajaona, ameona mbavu za mbwa wangu. Lete mkono." Akaubandika ubavuni mwa Jabali. "Unazisikia?"

"Nazisikia."

"Zinakuchoma?"

"Hapana."

"Basi ndivyo ninavyotaka. Mtoto wa mbwa anakula karibu mara mbili ya mbwa mzima wa uzito ule ule, kwa sababu anajijenga. Pilipili tumbo lake kama yai, tena ana haraka, kabla ya mwaka amemaliza kukua. Huyo nampa kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Jabali atakua mwaka na nusu. Ukimjaza, nyama inatangulia mifupa, miguu inapinda. Mbwa wa kwanza wa Varun walimnenepesha hivyo hivyo, leo ngazi zinamshinda. Ndiyo maana huyu nampimia kwa kopo: uji, dagaa, pafu la ng'ombe. Akililamba, alilambe."

"Sasa kesho, bibi? Tumpe uji mzito, tumbo lijae, aonekane ameshiba?"

Akanigeukia kama nimemtukana.

"Nimdanganye mtu kwa kuogopa mdomo wa Eliona? Leo ni maji na uji mwepesi mpaka tumbo litulie. Kisha kopo lile lile. Varun akitaka kumchukua, amchukue na mbavu zake. Mimi simnenepeshi mbwa ili majirani walale vizuri."

Jabali alisikia sauti yake, akainua kichwa, akakilaza tena kwenye mguu wa Theodora. Aliinama akamfuta mdomo kwa ncha ya kanga, polepole, kama ninavyomfuta Aikande.

Kisha akapokea isale langu, akalichomeka juu ya mlango.

"Nimekusamehe, hilo limekwisha. Ila nakuomba jambo, mama Aikande. Kesho saa nne njoo na mtoto wako, na Eliona umpitie. Varun akiuliza mbwa amefanywa nini, usinitazame mimi. Simama hapa, mbele yao wote, useme mwenyewe: ni mtori wangu."