Mbuzi wa Rangi Mbili

Wengi wanaoketi kwenye kiti cha saluni yangu hapa Tulia huniuliza swali moja: kondishona yenye silikoni inafaa nywele ndefu, au inaziharibu? Mimi hupenda kujibu polepole na kwa mifano, na mfano wangu mzuri kuliko yote ni mbuzi. Wateja hucheka, wakidhani nawatania. Kwa hiyo nimeona nieleze mara moja jinsi mbuzi alivyoingia katika mambo ya nywele, maana hakuingia kwa kupenda kwake.

Ilianza na binti ya kaka yangu, anayefanya kazi mjini Wote. Shuleni walimnyoa miaka yote, kama wasichana wote wa hapa kwetu wanavyonyolewa, na siku aliyomaliza kidato cha nne aliapa kwamba mkasi hautagusa tena kichwa chake. Alitimiza. Nywele zilimfika kiunoni, zake mwenyewe, za kuota. Sasa alikuwa amekuja nyumbani kungojea ntheo yake.

Kwa msomaji asiyejua, ntheo ni siku ambayo watu wa mwanamume huleta mbuzi kwa wazazi wa msichana. Dume mmoja huchinjwa na kuliwa na pande zote mbili, na hapo ndipo sisi Wakamba tunasema huyu sasa ni mke wa mtu. Unaweza kuwa na cheti, pete na albamu nzima ya picha, lakini kama mbuzi hajaliwa, wazee wanakuhesabu kama mgeni aliyezoea kulala kwa watu.

Alipofungua kitambaa kichwani, niliingiza vidole, vikakwama. Nywele zilikuwa ngumu na nzito, zimefifia kama katani iliyoanguka kutoka kwenye lori, na ncha zilikuwa zinakatika.

"Unapaka nini?" nikamuuliza.

Akatoa chupa ya kondishona. Nikasoma nyuma, nikayaona yale majina marefu yanayotambulisha silikoni. "Na unaosha na nini?"

"Maji, Aunti. Shampuu kidogo nikipata nafasi. Si unajua maji ya Wote."

Ninajua, kwa sababu hata yetu ni yale yale. Maji ya kisima yana chumvi, na yale matamu huletwa na punda kutoka mchangani mtoni, kwa hiyo kila mtungi una wenyewe hata kabla haujafika.

Mama yangu, ambaye wajukuu wote humwita Susu, alikuwa mlangoni anasikiliza. Aliingia, akajaribu kupitisha kitana, kitana kikabaki kimesimama peke yake kichwani mwa msichana kama mti.

"Siku ya ntheo nitajaribu tena," Susu akasema. "Kikikwama, nazikata. Sitatoa mjukuu mwenye kiota kichwani, wakwe wangoje ndege atoke."

"Susu, afadhali nisiolewe!"

"Hiyo pia tutaijua siku hiyo."

Hakuwa anatania. Mkasi aliutia mfukoni mwa aproni yake siku hiyo hiyo.

Nikamketisha mpwa wangu, nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Silikoni si chakula cha nywele, na pia si sumu. Ni koti la mvua. Inauvika unywele ngozi nyembamba, kwa hiyo unateleza, unang'aa, haushikani na mwenzake. Kwa nywele ndefu hilo ni jambo kubwa, kwa sababu ncha zake ni kuukuu na zimechoka. Lakini silikoni nyingi hazitoki kwa maji matupu. Zinataka shampuu yenye nguvu. Usipoivua, kesho unavaa koti juu ya koti, na mwisho unywele uko ndani ya makoti kumi una kiu, na maji yanapita juu.

"Basi aache hiyo takataka, apake mafuta ya mbarika," Susu akasema. "Mimi nilipaka hayo na niliolewa."

"Mimi sitaki kujaribiwa na mtu," mpwa wangu akasema, ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Aunti anasema hivi, Susu anasema vile. Jaribuni kwanza kwa mwingine, nione."

Ombi lilikuwa la haki, ila Tulia nzima sikumjua mwingine mwenye nywele ndefu hivyo ambaye angekubali.

Kesho yake mbuzi wa ntheo waliletwa. Mwanamume alikuwa wa Salama, kule Makueni, na watu wake waliona ni kazi bure kubeba mbuzi kutoka Makueni kuja kwetu Kitui, ambako mbuzi wamejaa. Wakampigia simu mchuuzi wa mifugo wa Nuu, naye akawaleta mapema wakae uani mwa saluni yangu mpaka siku yenyewe. Dume lao lilikuwa jeupe pe, nywele zimemwagika kutoka shingoni hadi ubavuni, na ndevu za mtu aliyesoma.

Mpwa wangu alimnyooshea kidole. "Huyo hapo," akasema.

Tulifanya kazi safi, hata kama najisifu. Nilichukua kitana chenye mkia, nikamchora mbuzi mstari katikati ya mgongo kuanzia kati ya pembe hadi mkiani, ulionyooka kuliko mistari ya wateja wengine, maana yeye hakuwa na simu ya kuinamia. Upande wa kushoto ukawa wangu na silikoni. Upande wa kulia ukawa wa Susu na mbarika. Mpwa wangu aliketi juu ya ndoo kama mwamuzi.

Mwanzoni nilishinda. Upande wangu uling'aa, kitana kilipita chenyewe, na miiba ya uani iliyozoea kunasa ilianguka. Susu alisema mbuzi anaonekana kama meza ya benki. Lakini mpwa wangu alitaka kujua mambo yanavyokwenda ukiendelea vile alivyoendelea yeye, kwa hiyo kila asubuhi niliongeza nyingine bila kuosha ile ya jana. Baada ya siku kadhaa zile nywele zikawa nzito, zinaning'inia kama karatasi ya nailoni. Ukimmwagia maji, yanateremka kama kwenye bati, chini yake pamekauka. Mbuzi mwenyewe alianza kujikuna ukutani upande ule tu.

"Ni mimi kabisa," mpwa wangu akasema kwa huzuni. "Hivyo ndivyo nilivyo."

Nikamwambia basi tumejua dawa. Nilikuwa na chupa moja ya shampuu kali. Asubuhi ya ntheo ningemwosha kichwa vizuri mara moja, tuvue makoti yote, kisha tuone kitana kitasema nini. Alikubali. Hata Susu alikubali, huku akipapasa mfuko wa aproni.

Kitu ambacho hakuna aliyekiona ni upande wa kulia. Mafuta ya mbarika ni mazito na yanashika vumbi, na vumbi letu ni jekundu. Kila siku lilishika kidogo, na Susu akapaka juu yake, likashika tena. Ukimtazama mbuzi kila siku humwoni akibadilika.

Siku ikafika. Punda wa maji akachelewa, kwa hiyo wageni waliingia mpwa wangu akiwa bado ndani na kitambaa chake, ananingoja. Wazee wetu waliketi upande mmoja wa uwanja, watu wa Salama upande wa pili, wanatazamana. Msemaji wa Salama, mtu mwenye koti la suti na sauti ya mnadani, alimshika dume kamba akampitisha katikati.

Msemaji wetu ni ndugu ya marehemu baba. Alikohoa.

"Wakwe, karibuni sana. Lakini kwenye simu tulikubaliana dume jeupe. Huyu ni mwekundu."

Yule wa Salama alimtazama mbuzi kutoka upande wake. "Mzee wetu, huyu ni mweupe kuliko hilo shati lako."

"Shati langu liache. Huyu ni mwekundu kama barabara ya Kitui."

"Basi nimgeuze umwone vizuri."

Akamgeuza. Mzee wetu akakubali kwa heshima. "Ni kweli. Ni mweupe. Nisameheni, ni jua."

Lakini sasa watu wa Salama ndio waliosimama. "Ngoja! Mbona ni mwekundu?"

"Si mmesema ni mweupe?"

"Alikuwa mweupe! Mmetubadilishia!"

"Tumembadilisha saa ngapi na wewe ndiye umeshika kamba?"

Mmoja wa wazee wetu alisema labda ni mbuzi wawili wanatembea wakiwa wamebanana. Akainama chini ya tumbo kuhakikisha. "Miguu ni minne," akatangaza. "Ni mmoja. Lakini si yule."

Nilijaribu kueleza. Kueleza ndiyo kazi yangu. Lakini jaribu wewe kusimama mbele ya wazee wa pande mbili useme, wazee wetu, upande huu ni silikoni na huu ni mbarika. Walinitazama kama ninayeuza kitu.

"Mbuzi wa ntheo hatakiwi kuwa na dosari," ndugu ya baba akasema. "Huyu amepakwa kitu kuficha kovu. Aoshwe hapa tukiona, ama arudi Nuu na siku nyingine itafutwe."

Msemaji wa Salama akavua koti, akammwagia kopo la maji ubavuni kushoto. Maji yakateremka yote mpaka kwenye viatu vyake, na mbuzi akabaki mkavu.

"Huyu mbuzi hashiki maji!" akapiga kelele. Akamkumbatia ili asikimbie, mbuzi akamponyoka mikononi kama sabuni, akaenda kusimama nyuma ya hema la wageni. Wakamsugua upande wa kulia kwa kipande cha sabuni ya kufulia. Kwa maji ya kisima haikutoa hata povu. Wekundu ukasogea mahali pengine tu.

Ndipo mpwa wangu akatokea mlangoni, leso mabegani, chupa ya shampuu kali mkono mmoja na karai mkono wa pili. Alikuwa amesikia yote.

"Dawa ni hii," akasema. "Imebaki hii tu. Na maji matamu ni yale ameshusha punda sasa hivi, mtungi mmoja."

"Shampuu ni yako," nikamwambia polepole. "Ikienda kwa mbuzi, kichwa chako je?"

"Na asipooshwa naolewa na nani? Aunti, tutaoga pamoja."

Hapa lazima nikukumbushe kwamba kwetu hakuna maji ya kazi moja. Yaliyoosha mchele huosha vyombo, na yaliyoosha vyombo hunywesha mche wa mpapai. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Alipiga magoti mbele ya karai, mbele ya wakwe zake watarajiwa wote, akafungua kitambaa. Nilimwosha taratibu, sehemu kwa sehemu, kwa ncha za vidole kwenye ngozi na kuteremsha povu hadi mwisho, jinsi nywele ndefu zinavyotakiwa kuoshwa. Povu lote likakusanyika karaini. Kisha tukamvuta mbuzi, na mpwa wangu, maji yakimchuruzika mgongoni, akamwosha kwa povu lile lile kushoto na kulia. Maji yakawa mekundu kama chai ya rangi, na mbuzi akawa mweupe pande zote.

Wazee wa pande zote mbili wakazunguka. Hakukuwa na kovu.

"Mbuzi ni mmoja," ndugu ya baba akakiri. "Na ni yule."

Watu wakapumua. Lakini Susu alikuwa amekwisha kufika na kitana chake. Hakujali wageni. Nywele sasa zilikuwa safi kabisa, bila koti hata moja, na hiyo ndiyo shida ya shampuu kali: inavua kila kitu, na nywele ndefu zilizo uchi hushikana. Kitana kiliteremka vizuri mpaka begani, kikasimama. Mkono wa Susu ukaingia mfukoni mwa aproni. Mpwa wangu akafumba macho.

"Ngoja, Mwaitu," nikamwambia mama yangu.

Nilikimbia ndani nikaleta ile kondishona iliyoanzisha kesi yote. Nikatoa kiasi cha punje ya maharagwe, nikaisugua viganjani, nikaipaka nchani tu, kuanzia pale kitana kilipokwama kwenda chini. Juu sikugusa. Nikamimina kopo la mwisho la maji matamu lililobaki mtungini.

Susu akajaribu tena. Kitana kikapita mpaka chini kikatokea hewani, hata mkono wake ukapitiliza. Akarudia. Akakitazama kitana kama kimemsaliti.

"Kumbe si sumu."

"Si sumu, Mwaitu. Ni koti. Anavaa moja, anavua, ndipo avae lingine."

"Na mbuzi je, hapakwi?" msemaji wa Salama akauliza, akikamua soksi zake.

"Wewe mshike sasa anashikika," Susu akamjibu. Fundo la kamba ya mbuzi lilikuwa limelowa, halifunguki, kwa hiyo alitoa mkasi mfukoni akalikata yeye mwenyewe.

Kwa hiyo jibu langu kwa anayeketi kwenye kiti ni hili: ukiwa na maji na shampuu ya kuivua, paka kidogo, nchani, usiogope. Ukiwa huna, subiri mpaka uwe navyo, na nywele zako zitakungoja. Mpwa wangu anafanya hivyo huko Salama, na zimepita kiuno.

Nyama ilipogawanywa, ndugu ya baba alikishika kipande chake juu, akaniita kando, akaniuliza kwa sauti ya chini ni cha upande gani. Nikamwambia sijui. Akakila chote, akafikiri kidogo, akaomba aletewe na cha upande ule mwingine, alinganishe.