Mpagazi Aliyepima Viatu Jeddah

Siku Naftali Mugambi alipoambiwa kwamba watatoka Riyadh kwenda Jeddah kununua viatu vya theluji, alidhani Kiarabu chake kimemwangusha. Ilikuwa Oktoba 2015, na pale Al-Naseem, mtaa wao wa Riyadh, ukiacha gari juani nusu saa tu, usukani ulikuwa bado unaunguza viganja. Akamwomba bosi arudie. Bosi akarudia kwa Kiingereza, na maneno yakawa yale yale.

Bosi huyo, Mishaal, alikuwa injinia wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwepesi wa kupenda mambo mapya. Naftali alikuwa dereva wake tangu ajenti wa Nairobi amlete mwaka 2012. Walipatana, lakini mazungumzo yao yalikuwa ya barabarani: kushoto, kulia, ngoja hapa, yalla ya twende, halas ya basi. Bosi alijua kwamba dereva wake ni Mkenya, Mkristo, na hachelewi. Zaidi ya hapo hakuwahi kuuliza, na Naftali hakuwahi kusema.

Waliondoka Alhamisi mchana. Waliposimama kujaza mafuta, bosi akamwonyesha video kwenye simu. Watu sita walikuwa wakipanda mlima mweupe, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja amefungwa miguuni mbao mbili ndefu, nyembamba. Naftali alikuwa ameona mchezo wa skii kwenye televisheni, lakini wale walikuwa wakiteremka. Hawa walikuwa wakipanda. Akauliza mashine ya kuwapandisha iko wapi.

Bosi akacheka. Akaeleza kwamba raha yenyewe ndiyo hiyo: hakuna mashine, hakuna barabara, hakuna hoteli karibu. Unapanda kwa miguu yako kwa muda wa saa nne au tano, kisha unateremka kwa dakika ishirini. Mwezi wa Februari yeye na binamu yake wangekwenda nchi ya Georgia kufanya hivyo hivyo.

Naftali alirudi kwenye usukani akiuwaza mlima wa kwao. Alizaliwa Chogoria, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, na kwa miaka kumi alikuwa mpagazi. Alipanda mlima ule na mizigo ya wageni mgongoni, kilo ishirini kila safari, kwa sababu kazi iliyokuwepo ni hiyo. Wageni aliwazoea, Wazungu wana mambo yao. Lakini huyu alikuwa mtu anayewasha kiyoyozi cha gari dakika kumi kabla ya kutoka nyumbani. Kumbe naye alitaka kwenda kuhema kwenye baridi, na kwa hiari yake.

Walilala Taif, wakafika Jeddah asubuhi. Aliyekuwa akiuza vifaa ni Mwaustria mmoja mwenye mvi, jina lake Walter, aliyekuwa amemaliza mkataba wake na alikuwa akifunga mizigo arudi kwao. Aliishi kwenye nyumba zenye ukuta na geti, karibu na bahari. Akawafungulia gereji, na Naftali akaganda mlangoni. Nje hewa ilikuwa nzito kama mvuke wa sufuria. Ndani, kwenye sakafu ya saruji, zilikuwa zimelazwa jozi tatu za skii, zinang'aa kana kwamba theluji iko nyuma ya ukuta.

Walter alieleza taratibu, na Naftali, ambaye hakuna aliyemwambia atoke, akasikiliza yote. Kufuli lililo juu ya ubao hushika kiatu upande wa vidole tu wakati wa kupanda, kisigino kikawa huru kuinuka. Ukifika juu unabana na kisigino, unateremka. Chini ya ubao unabandika kitambaa chenye manyoya yaliyolala kuelekea nyuma. Ubao ukienda mbele manyoya yanateleza. Ukitaka kurudi nyuma yanashika theluji. Naftali alipitisha kiganja juu ya kitambaa hicho, mbele, kisha nyuma, asiamini.

Jozi moja ilikuwa pana na nzito, nyekundu. Ya pili ilikuwa ya wastani. Ya tatu ilikuwa nyembamba, nyepesi kuliko fimbo. Walter akasema ile pana itakubeba vizuri kwenye theluji nene wakati wa kushuka, lakini kwenye kupanda ni wewe utakayeibeba, hatua kwa hatua. Nyembamba ni tamu kupanda, ila kushuka itamtesa mtu ambaye bado anajifunza. Bosi alikwisha kuipenda nyekundu. Alisema yeye ana nguvu.

Ikaja zamu ya viatu. Vilikuwa jozi mbili za plastiki ngumu kama ndoo, zenye vibanio vya chuma na kiatu kingine laini ndani yake. Jozi ya kwanza ilimbana, bosi akakunja uso. Ya pili mguu uliingia bila shida, akatabasamu, akasema halas, hivi hapa. Walter alitazama saa yake, akasema akivaa soksi mbili vitamkaa.

"Bosi, hivyo viatu hapana."

Naftali aliisikia sauti yake mwenyewe, ikamshtua. Miaka mitatu hakuwahi kumwambia bosi hapana, hata pale bosi alipomwelekeza njia isiyo sahihi. Wote wawili waligeuka.

"Wewe ni dereva," bosi akasema, si kwa ukali, kama mtu anayekumbusha tu.

"Ndiyo, bosi. Kabla ya hapo nilikuwa mpagazi wa Mlima Kenya."

Akapiga magoti bila kungoja ruhusa. Akamwomba bosi avue, akachomoa kile kiatu laini cha ndani, akamwambia arudishe mguu kwenye gamba tupu na kusukuma vidole hadi vigote mbele. Kisha akaingiza vidole vyake nyuma ya kisigino. Vinne viliingia, na nafasi ikabaki. Walter akaja kuinama karibu. Akasema hivyo ndivyo wanavyopima kwao, viwili vinatosha, na masikio yakamwiva kwa aibu, kwa kuwa alijua na hakupima.

Bosi hakupenda. Akauliza ubaya wa kiatu kupwaya ni nini, ikiwa mguu unasikia raha. Hapo Naftali akasimulia jambo ambalo Saudia nzima alikuwa amemwambia mtu mmoja tu, Mkenya mwenzake. Kaka yake mkubwa, Zablon, alikuwa mpagazi pia. Mwaka 2011 mgeni mmoja alimwachia buti nzuri za ngozi, kubwa kumzidi. Zablon alizijaza soksi, akapanda nazo kwa fahari. Mguu ulicheza ndani, kisigino kikachubuka, soksi zikalowa, na karibu na kilele cha Lenana baridi ikaingia kwenye vidole vilivyolowa. Naftali alimbeba kaka yake mgongoni kuteremka. Hospitalini walimkata vidole vitatu. Baada ya hapo Naftali aliapa kutokanyaga mlima tena, na tangazo la kwanza la madereva aliloliona ndilo lililomleta Riyadh.

Bosi alikuwa amesimama na mguu mmoja kwenye gamba la plastiki, akimtazama dereva wake kana kwamba mtu mgeni ameingia.

"Miaka mitatu naketi nyuma yako," akasema hatimaye, "na sikujua."

Akaketi. Kwenye gamba la ile jozi ya kwanza viliingia vidole viwili tu, akaivaa. Naftali akambana vibanio, akamwambia apande na kushuka ngazi za nyumba ya Walter mpaka atakapoambiwa basi. Bosi alipanda na kushuka nusu saa, jasho likimtoka kidevuni, na mwisho akaonyesha mahali kwenye kifundo palipouma. Walter alilipasha gamba moto mahali hapo kwa mashine, akalisukuma nje kidogo, na maumivu yakaisha. Baada ya ngazi zile hakutaja nguvu zake tena, na zile skii nyekundu zilibaki sakafuni. Walirudi Riyadh na zile za wastani, zenye urefu wa kumfika bosi kidevuni.

Ijumaa iliyofuata Naftali alikwenda mtaa wa Al-Shumaisi kumwona Brayo, yule Mkenya mwenzake, aliyekuwa askari wa geti, akamweleza kuhusu watu wanaopanda theluji na mbao miguuni. Brayo alimkatalia katakata. Alisema jua limemchoma.

Februari ilipofika, bosi akaenda Georgia. Aliporudi, Naftali alimpokea uwanja wa ndege na kuona binamu akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, visigino vyote viwili vimefungwa bandeji. Viatu vyake vilikuwa vipya, vya bei, na vikubwa. Bosi alikuwa akitembea.

Kesho yake bosi akamwita chumba cha kazi, akafungua droo, akampa pasipoti yake. Naftali hakuwa ameishika tangu siku aliyoshuka kwenye ndege. Aliuliza amekosa nini.

"Mafi mushkila," bosi akasema. Hakuna tatizo. Alitaka kupanda Mlima Kenya, na aliyetaka ampandishe ni Naftali. Achukue likizo arudi baadaye, au aondoke moja kwa moja. Karatasi zingesainiwa vyovyote atakavyo. Brayo aliposikia akasema, "Enda, na usiangalie nyuma. Sisi wengine hatujapewa hata kuigusa pasipoti."

Naftali aliondoka moja kwa moja, na kile kiapo cha kutokanyaga mlima akakiacha Riyadh. Agosti bosi akaja Chogoria. Zablon alitoka shambani kumsalimia akiwa amevaa kandambili, na bosi, aliyekwisha kuambiwa habari yote, alipouona mguu ule alisahau kuuachia mkono wa mwenyeji wake.

Walipanda siku nne, na asubuhi ya siku ya nne wakasimama kileleni Lenana. Njia nzima Naftali alikuwa akimsimulia bosi habari za barafu iliyotanda chini ya kilele, jinsi ilivyokuwa pana na jinsi weupe wake ulivyomuumiza macho. Bosi aliangalia huku na huku, akauliza barafu ipo wapi.

Naftali akageuka kumwonyesha, na mkono ukabaki hewani. Palikuwa na mawe ya kijivu, makavu, na mbali chini kipande kichafu kando ya dimbwi. Alikuwa ameondoka miaka minne tu.

"Ilikuwa inaanzia pale," akasema. Bosi alifuata kidole chake mpaka kwenye mawe, akangoja aendelee. Naftali aliketi kwenye jiwe lililokuwa karibu, na bosi naye akaketi.